Jile isiyochungwa haiokoi



Vakansi kubwa imekwisha. Watoto wamerudi shuleni na jile zimerudi depo. Hapa kwetu Kivu, jile ya kuokoa ni kitu cha misimu miwili. Tunaivaa Julai na Agosti, wakati watoto wanapovuka kwenda kwa koko zao Idjwi, Kalehe na Minova. Tunaivaa tena mwisho wa Desemba, wakati wa kwenda kula bonane kwa ndugu. Wenye biashara ya mbuzi, mananasi na maharagwe wanavuka kila juma, lakini familia nyingi zinaitafuta jile mara mbili tu kwa mwaka. Miezi mingine inakaa. Leo tunataka kuzungumza juu ya hiyo miezi ya kukaa, kwa sababu ndiyo inayoua jile, na sisi wenyewe tuliua zaidi ya theluthi moja ya zile tulizopewa kuchunga.

Tuanze na kosa letu. Wengi mnakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita shirika letu lilinunua jile kumi na nne kwa feza ya likelemba: kumi za watu wakubwa na nne za watoto. Siku ile tulipiga vigelegele. Ufunguo wa depo ukapewa sisi, kwa kuwa mwalimu anajua kuandika kilichotoka na kilichoingia. Tuliandika vizuri. Buku letu halina kosa hata moja. Lakini kuandika si kuchunga.

Jile zilirudi kutoka safari ya bonane zikiwa na maji, tukazitupa kwenye kona ya depo. Mahindi ya shirika yalipofika, magunia yakawekwa juu yake. Siku za mkutano viti havikutosha, basi tukawatolea watoto jile wakazikalia. Mama mmoja alijifungua, akaazima moja akaifanya mto wa mgongo. Hakuna aliyeona ubaya. Jile ni laini, ni nene, inaita mtu aikalie.

Mwanzo wa Julai mwaka huu, mmoja wetu alikuja kuchukua jile mbili kwa watoto wake waliokuwa wanavuka kwenda Idjwi. Mkubwa ana miaka tisa. Tulimchagulia huyo binti ile iliyokuwa nzuri kuliko zote: rangi yake ya machungwa bado inang'aa, mikanda mizima, filimbi ipo. Tulifurahi kumpa kitu kizuri.

Pale ufukweni kulikuwa na muzee mmoja mvuvi wa sambaza, anatengeneza wavu wake. Akamwita binti, akaminya jile kifuani kwa kidole gumba, akanyamaza. Kisha akatuuliza: «Mama mwalimu, hii mumeipima?» Tukamjibu kwamba ni mpya, ina miaka miwili tu. Hakubishana nasi. Alimvua mtoto, akachukua jiwe la kilo kama tano, akalifunga kwenye mikanda, akaiteremsha jile kando ya pirogi yake. Ilielea kidogo, ikainama upande mmoja, ikaanza kushuka polepole mpaka tukaona kamba peke yake. Akaivuta. Akafunga jiwe lile lile kwenye jile ya pili, iliyokuwa chafu na yenye doa la mazutu. Hiyo ilielea na jiwe lake, wala haikujali.

Wamama, tulikaa chini kwenye mchanga. Binti alikuwa anatuangalia tu, hajui kwa nini mama yake analia.

Hatuhitaji kuwakumbusha ninyi ziwa letu ni nini. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na baada ya msiba ule Rais wa Jamhuri aliamuru kwamba kila abiria avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, watu wa Goma wakiiangalia kwa macho. Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna kiti ambacho hakikaliwi tena tangu siku hizo. Kwa hiyo leo tunapigania kila mmoja avae jile, na tuna haki. Lakini tuongeze neno moja: avae jile inayoelea. Ile iliyozama mbele yetu ingempendeza kila mlinzi wa bandari. Mtoto amevaa, mikanda imefungwa, apite. Jile iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa jile, kwa sababu mtu asiyekuwa nayo anajua kwamba hana.

Sasa tueleze kama tunavyoeleza darasani. Ndani ya jile nzuri kuna sponji ngumu ambayo si kama ile ya matela. Sponji ya matela ina vitundu vilivyofunguka. Ukiitia majini inakunywa. Sponji ya jile ina vijumba vidogo sana vya hewa, na kila kijumba kimefungwa pande zote. Fikirieni maelfu ya bidoni ndogo kuliko punje ya mtama, kila moja na kifuniko chake. Maji hayaingii, hewa haitoki, na hewa hiyo ndiyo inayokubeba.

Ukiweka gunia la mahindi juu ya hizo bidoni kwa miezi, hewa inatoka polepole, kuta zinashikana, sponji inakuwa nyembamba na hairudi tena. Ukiikalia kila siku, kuta zinapasuka na maji yanapata njia. Ukiiweka karibu na mbabula au juu ya mabati ya moto, inajikunja na kuwa ngumu. Esansi na mazutu vinaila. Jua nalo linakula kitambaa na uzi: jile inayotundikwa juani miezi mingi inapoteza rangi, na siku ya kuvuta mkanda kwa nguvu, mshono unaachia. Unyevu unaleta ukungu na kutu ya vyuma. Panya anaingia kutafuta mahali pa kuzalia. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachopiga kelele. Ndiyo maana jile inaweza kuwa nzuri kwa nje na ndani imekwisha kufa.

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita alituonyesha katika kitabu picha ya mzamiaji wa baharini, amevaa nguo nyeusi ya mpira iliyomshika mwili mzima, akauliza kama hiyo pia ni jile. Si jile, lakini ni ndugu yake. Nguo ile imetengenezwa kwa mpira unaoitwa neoprini, wenye vipovu vidogo vya hewa ndani, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia baridi ya maji isimfikie mzamiaji. Watu wenye nguo hizo wana desturi moja kila msimu wa kuzamia unapokwisha: wanaiosha kwa maji safi, wanaigeuza ndani nje, wanaikausha kivulini, wanaitundika kwenye kitu kipana cha mabega, hawaikunji wala hawaweki kitu juu yake. Mahali penye mkunjo vipovu vinakufa, na baridi inapita hapo hapo. Kama wao wanafanya hivyo kwa ajili ya baridi, sisi tufanye nini kwa ajili ya pumzi?

Haya ndiyo tunayofanya sasa katika depo. Hayahitaji feza, yanahitaji mikono tu.

Kwanza, kuosha. Jile ikirudi, ioshwe siku ile ile au kesho yake, kwa maji safi na sabuni kidogo ya kipande. Sugueni kwa kitambaa au brashi laini, hasa mikanda na vifungo, kwa kuwa mchanga unaoingia kwenye vifungo unavizuia kushika. Msitumie javeli, inadhoofisha uzi na kitambaa. Msikamue kama nguo. Msiichemshe. Kama kuna doa la mafuta, rudieni sabuni mara mbili, doa likibaki liacheni. Doa halizamishi mtu.

Pili, kukausha. Tundikeni kivulini mahali penye upepo, mikanda ikiwa wazi. Geuzeni kesho yake. Hapa ndipo wengi tunadanganyika: kitambaa kinakauka kwa nusu siku, lakini ndani, kati ya sponji na kitambaa, maji yanabaki. Subirini siku mbili au tatu. Kabla ya kuingiza depo, minyeni jile kwa kitambaa kikavu au karatasi ya kayé. Karatasi ikitoka na unyevu, jile bado. Na mkumbuke kwamba tunaingiza jile depo mwezi wa Septemba, mvua zinapoanza. Kilichoingia na maji mwezi huo hakitakauka chenyewe mpaka bonane.

Tatu, kuangalia. Vuteni kila mkanda kwa mikono miwili. Fungeni na mfungue kila kifungo. Pigeni filimbi. Angalieni mshono wa mabegani, ndio unaobeba mzigo wote wakati mtu anavutwa kutoka majini. Mshono mdogo wa pembeni ulioachia unaweza kushonwa tena kwa uzi imara. Lakini msifungue tumbo la jile kutoa sponji au kuongeza nyingine, na msikate mikanda kuifanya fupi. Fundi wa nguo anajua nguo. Jile ilipimwa ilivyo.

Nne, kutundika. Tulikata mianzi minene tukaiweka kutoka ukuta hadi ukuta, tukapitisha kila mwanzi katika matundu ya mikono, jile zikapangwa kwa nafasi ya ngumi moja kati yao. Msumari mwembamba haufai, unavuta bega moja. Hazigusi sakafu wala mabati. Juu yake tumefunika kitenge cha zamani kuzuia vumbi. Msifunge ndani ya mfuko wa plastiki au bashi, jasho lake litaioza. Makala, esansi na mbabula vimehamishwa upande mwingine kabisa.

Mtatuambia: ninyi mna depo, sisi tuna chumba kimoja na watoto sita. Tunajua, wengi wetu tunaishi hivyo. Pigeni kipande cha mti ukutani, juu ya mlango, mbali na jiko. Hapo hakuna anayepitisha kitu. Au ilazeni bapa juu ya masanduku ya nguo, iwe ya juu kabisa, wala kisiwekwe kitu kingine juu yake. Chini ya kitanda panya wanaijua njia, na chini ya mzigo ndiko tulikoua zetu. Na mwambieni kila mtu wa nyumbani, hata mgeni: hiki si kiti, hiki si mto.

Tano, kupunga hewa. Mara moja kwa mwezi zitolewe, zikunjuliwe, zipigwe upepo saa moja au mbili. Ni kazi ya watoto wawili baada ya masomo, nao wanaipenda kwa sababu ya filimbi.

Tunakuja sasa kwenye kupima, kwa sababu jile iliyochungwa vizuri nayo inazeeka. Kipimo cha kwanza ni kidole gumba. Minyeni sponji sehemu nne: kifua cha kulia, cha kushoto, mgongoni, shingoni. Ikirudi yenyewe mara moja, ni hai. Ikibaki na shimo, au ikiwa ngumu na kupasukapasuka ndani kama biskuti, wekeni pembeni.

Kipimo cha pili ni mizani. Pimeni jile ikiwa kavu, muandike. Ilazeni ndani ya pipa au beseni kubwa la maji, wekeni jiwe juu yake izame yote, mwache usiku mzima. Asubuhi itundikeni mpaka maji ya kitambaa yaache kudondoka, kisha pimeni tena. Kitambaa kitabakiza maji kidogo, hilo si kosa. Lakini jile ambayo bado ni nzito kama mtoto mchanga, na ukiiminya inatoa maji kutoka tumboni, hiyo inakunywa. Imekwisha.

Kipimo cha tatu ni kile cha muzee wetu. Kwenye kibandiko cha ndani, jile nyingi zimeandikwa herufi N na namba. Hiyo ni Newton, kipimo cha nguvu. N 100 maana yake inaweza kushikilia uzito wa karibu kilo 10 usizame. N 50, karibu kilo 5. Msishangae kwamba ni kidogo. Mwili wa mtu majini unajibeba wenyewe sehemu kubwa, na mtu mzima anahitaji kuongezewa kilo chache tu ili kichwa kibaki juu. Jiwe nalo majini linapungua uzito: la kilo 5 linavuta kama kilo 3 tu. Kwa hiyo jile ya N 50 isiyoweza kubeba jiwe hilo imepoteza karibu nusu ya nguvu yake au zaidi. Na kipimo kikubwa cha mwisho ni mtu mwenyewe: maji ya kifuani, karibu na ufuko, na mtu anayejua kuogelea awe pembeni. Vaa, funga yote, legeza mwili, lala chali. Kidevu kiwe juu ya maji.

Kwa watoto tuongeze jambo moja. Jile inachaguliwa kwa kilo za mtoto, zilizoandikwa kwenye kibandiko. Miaka yake haitoshi. Baada ya kumfunga, mshike mabegani mwa jile umwinue kidogo. Jile ikipanda mpaka masikioni, majini itamtoka. Jile ya mama haiwezi kuwa ya mtoto kwa kufungwa kamba. Na watoto wanakua: iliyomfaa bonane iliyopita huenda haimfai tena ijayo, basi ipimwe upya na ipewe mdogo wake.

Tulipima zote kumi na nne. Tano zimekufa, na moja ilikuwa na kiota cha panya mgongoni. Tulizileta mbele ya mkutano, tukasimama, tukaomba radhi. Ile ilikuwa feza ya ndizi zenu na sambaza zenu, na ufunguo ulikuwa mikononi mwetu. Mtunza feza wetu alikasirika, na alikuwa na haki.

Kisha mama mmoja akatoa wazo. Alisema jile tano kwa nje bado nzuri, tuziuze bandarini, hata kwa bei ndogo, tupate mwanzo wa kununua nyingine. Kulikuwa kimya. Tunakiri kwamba wazo lilitugusa, kwa kuwa deni lilikuwa letu. Mama wa yule binti ndiye aliyejibu. Hakusimama, wala hakupaza sauti. Aliuliza tu: «Na atakayeivaa, ni mtoto wa nani?»

Hakuna aliyeongeza neno. Jioni ile tulichukua kisu tukazikata zote tano vipande, ili asitokee mtu wa kuziokota na kuzivaa. Tulibakiza filimbi na vifungo. Kipande kimoja cha sponji kiko darasani kwetu, ndani ya chupa ya maji, chini kabisa. Kipande cha sponji hai kiko juu, katika chupa hiyo hiyo. Wanafunzi wanaviangalia kila asubuhi, na hatujahitaji kuwaeleza mara ya pili.

Tunazo jile tisa. Likelemba mpya imeanza, na sisi tumetanguliza sehemu yetu. Mpaka bonane tunataka kurudi kumi na nne, lakini afadhali tisa zilizo hai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ziwa hili hata ukuta hutapata nafasi ya kuujenga.

Siku ya posho inayokuja, baada ya mkutano, leteni jile zenu za nyumbani, hata zile mlizoazima. Mizani itakuwepo, pipa litakuwepo, na muzee mvuvi amekubali kuja na kidole gumba chake. Wenye boti mnaosafiri nao, waalikeni kwa upole: jile zao zinalala wapi usiku? Swali hilo halimtukani mtu. Sisi liliulizwa ufukweni, na binti yetu alivuka siku ya pili yake, ndani ya ile jile chafu yenye doa la mazutu, akafika kwa koko yake akila muhogo.

Mbaki salama. Juma lijalo tutazungumza juu ya kayé na kalamu, na namna ya kuzifikisha mpaka Juni.